Samaki wa Nyumba ya Kotile

Kila asubuhi baada ya swala, Bisharo alikifukiza kibuyu chake cha maziwa. Alichomoa kijiti kilichokuwa kikifuka moshi mekoni, akakitumbukiza ndani ya kibuyu, akakisugua kwenye kuta zote, kisha akayamwaga makaa na kukipangusa kibuyu kwa brashi ya singa. Kilipoanza kunukia alikifunika na kukitundika mahali pake. Hakikuwa kimetiwa maziwa tangu ng'ombe wake walipokufa, lakini kibuyu kisichofukizwa huvunda, na Bisharo hakulelewa kuvundisha vyombo.

Aliishi peke yake juu ya bonde la Haro Magala, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kulamawe. Wakati wa ukame majirani walizivunja nyumba zao, wakapakia miti na mikeka juu ya punda, wakaenda. Wengine walijenga karibu na shule pale Kulamawe, wengine walifika Garbatulla, na wengine wakaishia Isiolo mjini, ambako hata maji ya kunawa miguu hununuliwa. Kotile, mume wake, alikuwa amezikwa upande wa mlima kabla ukame haujaanza. Binti yao wa pekee, Sadiya, aliuza simu mjini, na kila Ijumaa alimpigia mama yake kumuuliza swali lile lile.

"Aayo, unakuja lini?"

"Nikija, nani atabaki hapa?"

"Hapo kumebaki nini ya kuangalia?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, ila halikuwa jibu la kupewa mtoto kwenye simu. Kwa hiyo Bisharo aliulizia bei ya unga, Sadiya akamtajia, na salio likaisha. Baada ya hapo kimya kilirudi kikakaa naye, na kimya cha mahali palipokuwa na ng'ombe ni kizito kuliko kimya kingine chochote. Upweke ulimuuma, na alikuwa akiusema kwa sauti mchana kweupe, kwa kuwa hapakuwa na wa kumcheka.

Mvua zilipokuja, zilikuja zote kwa pamoja. Maji yalishuka kutoka pande zote yakajaa bonde. Yalilifunika bwawa la zamani, yakaufunika ua wa miiba uliozunguka kisima, yakayafunika mabirika ya kunyweshea mifugo, na mwisho yakalifunika geti la chuma pamoja na kufuli lake. Kilichobaki juu ni paa la kibanda cha jenereta. Matope yalipotulia chini, watu waliopita barabarani walianza kuliita bonde hilo ziwa, na halikupinga.

Lokol alifika siku moja jua likiwa bado jororo, akiwa amejifunga mgongoni tyubu ya tairi la lori. Alikuwa Mturkana wa makamo, mwembamba, na mkononi alishika mkebe wa ndoano na mishipi.

"Habari, mama."

"Salama. Karibu chai. Maziwa hakuna."

"Hata mimi nilikotoka hakuna," Lokol alisema, akaketi.

Alieleza kwamba alikuwa ndani ya lori la kokoto alipoona ndege. Walikuwa wakizunguka juu ya maji, na yeye alizaliwa kando ya ziwa kule kaskazini, kwao Turkana, ambako mtoto hujifunza kusoma ndege kabla hajajifunza kusoma chochote kingine. Ndege, alisema, hawezi kuzunguka bure. Alimwomba dereva amshushe.

Bisharo alimsikiliza kwa adabu inayomstahili mgeni. Kwao samaki hawaliwi. Sheikh wa Kulamawe aliwahi kuwaambia waumini kwamba samaki ni halali kabisa, wakamsikiliza kwa heshima, wakaendelea kutomla. Kwa watu wa Bisharo samaki alikuwa nyoka aliyekosa pa kukaa nchi kavu, na mvuvi alikuwa mtu aliyefilisika mifugo.

"Kwetu pia ni hivyo," Lokol alisema, kana kwamba alikuwa ameyasikia mawazo hayo. "Mtu akienda ziwa, watu wanajua ng'ombe yake imeisha."

"Zako ziliisha?"

"Za baba ziliisha. Mimi nilizaliwa kama zimeisha."

Bisharo alimwongezea chai.

Lokol alizunguka ziwa lile tangu asubuhi hadi jua likawa kali, akapumzika, akazunguka tena hadi jioni. Alikaa juu ya tyubu akipiga kasia kwa kipande cha ubao. Alijaribu kwenye kina kirefu, akajaribu kwenye nyasi za pembeni, akajaribu chini ya paa la jenereta. Hakupata kitu. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Jioni ya pili alirudi kwenye moto wa Bisharo, akaketi akiviangalia vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji.

"Wako hapa," alisema. "Ndege hawezi danganya. Lakini hii samaki, mama, haipendi kukaa peke yake. Ukipata moja umepata kijiji. Na haikai mahali wazi. Inatafuta kitu imezama. Mti, boma, hata mtumbwi ya zamani. Inasimama hapo kando, zote kimo moja, inatulia tu. Sasa niambie wewe mwenyeji. Hapa chini kumezama nini?"

Bisharo alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Geti," alisema.

Asubuhi alimpeleka ukingoni akamwonyesha kwa kidole: pale, kati ya paa la kibanda na ule mwamba mweupe. Lokol alijisukuma hadi hapo. Alifunga fundo kwenye mshipi ili ajue kina, akatia chambo kwenye ndoano, akaishusha taratibu. Haikuchukua muda mshipi ukalegea, kwa maana samaki wa aina hiyo hauvuti kwa nguvu, huinuka nao. Lokol alivuta pole pole. Mdomo wao ni laini kama karatasi, alimweleza Bisharo baadaye. Ukiwa na haraka unauchana, samaki anakwenda na uchungu wake na wewe unabaki na ndoano yako.

Aliyepanda juu alikuwa mpana kiasi cha viganja viwili, rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe katikati ya paji la uso. Kifuniko cha shavu lake la kushoto kilikuwa kimepasuliwa kwa kisu pembe mbili, na chini yake palikuwa na mkato mwingine mdogo. Ilikuwa alama ya masikio ya ng'ombe wa nyumba ya Kotile. Lokol, ambaye naye ni mtoto wa wafugaji, aliitambua alama kuwa ni alama. Alirudi ukingoni akamkabidhi Bisharo.

"Huyu ni Magale," Bisharo alisema.

"Ni wako?"

"Ni wangu. Alizaa mara tatu, na maziwa yake yalikuwa na mafuta." Alimkuna chini ya taya, mahali alipopenda kukunwa, na samaki akaacha kurusharusha mkia.

"Pole, mama. Sikujua iko na mwenyewe." Lokol alilowesha mikono, akampokea, akamrudisha majini.

Kisha alimkalisha Bisharo juu ya tyubu, mama wa watu ambaye hakuwahi kuingia maji yapitayo magoti, akamsukuma huku yeye mwenyewe akiogelea nyuma. Walipofika juu ya geti Bisharo alishika shungi lake kwa mkono mmoja akainama kutazama chini.

Walikuwa wamepanga mstari. Mbele kabisa, pua ikikaribia kugusa chuma, alikuwa Gurale mweusi. Nyuma yake Magale alikuwa ameshakwisha kurudi mahali pake. Halafu Bora, halafu Dima na mtamba wake, na wengine wa nyumba ya Kotile, kila mmoja akitazama mkia wa aliye mbele. Baada yao walifuata samaki wa nyumba nyingine, wenye alama nyingine, mstari ukapinda kuzunguka mahali palipokuwa na mti na kupotelea kwenye maji mazito. Mapezi yalicheza kidogo tu, ya kutosha kumfanya samaki asiondoke alipo. Walikuwa wanangoja.

Katika nchi ile maji yana sheria kuliko ardhi. Kila kisima kina mzee wa zamu, aba herega, na kila nyumba ina siku yake. Siku ikifika, mzee wa zamu husimama juu ya jiwe kando ya geti, huita jina la nyumba, na mifugo ya nyumba hiyo huingia kunywa. Wa Haro Magala alikuwa Dullo, mdogo wake Kotile, mtu mwenye ndevu zilizopakwa hina vizuri na sauti iliyofika mbali. Funguo alizivaa shingoni.

Wakati wa ukame, siku ya Bisharo ilipofika, yalifika pia malori ya tajiri mmoja wa mjini yakiwa na mafahali wa sokoni. Dullo aliwafungulia mafahali. "Shemeji," alimwambia Bisharo, "zamu yako ni kesho." Siku iliyofuata yalikuja malori mengine. Walimu huwafundisha watoto kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho, ila Dullo hakusoma shule hiyo. Aliita kesho, na ilipofika aliita kesho nyingine. Ng'ombe wa watu waliokuwa nyuma walinusa maji wakachoka na sheria. Waliuvunja ua wa miiba upande wa juu, wakaiba maji, na baadhi yao wako hai mpaka leo.

Ng'ombe wa Bisharo hawakuiba. Aliwafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, kwa kuwapiga kifimbo kwenye pua, kwamba hakuna kusogea mpaka jina la nyumba liitwe. Sifa zake zilifika Garbatulla. Ng'ombe wa Bisharo, watu walisema, wana adabu kuliko watoto wa shule. Basi walisimama kwa adabu yao mbele ya geti lililofungwa, wakatafuna maboksi yaliyotupwa na malori, wakapiga magoti mmoja mmoja, na walikufa vichwa vikielekea maji. Laiti ningefuga wezi, Bisharo alijiambia tangu siku ile, na kila alipojiambia moyo ulimchoma upya.

Baada ya misiba Dullo aliwaeleza watu kwamba siku ile haikuwa ya Bisharo kamwe, na kwamba ng'ombe wake walichelewa wakafia mwisho wa foleni. Watu walijua. Lakini funguo zilikuwa shingoni mwa Dullo, na mwenye nguvu mpishe.

Habari za samaki zilifika Kulamawe kwa bodaboda, na watu wakaja. Maji yalikuwa maangavu siku hiyo. Walisimama ukingoni, wengine juu ya lori, wakawatambua ng'ombe wao. Mwanamke mmoja aliita jina la mtamba aliyekuwa wa mahari yake. Mzee mmoja alimlaumu fahali wake kwa kukonda. Baada ya kusalimiana nao, waliteremsha birika na kuanza kupika chai, kwa sababu safari ilikuwa ndefu.

Gababo, mwenye duka, ndiye aliyesema. Alikuwa mtu asiyejua kunyamaza, hata bei zake alizitangaza kabla ya kuulizwa.

"Lakini wa Bisharo ndio wako mbele," alisema. "Wa kwanza kabisa."

Kila mtu aliangalia, na kila mtu aliona. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine aliuliza kama sukari ingetosha.

Dullo alishuka hadi ukingoni, akatazama maji kwa muda, akajifuta uso kwa kitambaa.

"Samaki hajui siku," alisema. "Halafu mbele ni mbele ya nini? Geti si lilikuwa limefungwa?"

Wazee walikubali kwamba geti lilikuwa limefungwa. Hilo halikuwa na ubishi. Dullo akatangaza hapo hapo kwamba maji ni maji, na maji yakiwa na kitu ndani lazima yawe na zamu. Lokol angevua kutoka mkiani mwa foleni tu, kwa ruhusa ya mwenye alama. Wenye alama walikubali bila shida. Ng'ombe aliyekufa hana soko, walisema, lakini samaki analo.

Kananu akaja kutoka Isiolo na masanduku yake ya barafu. Alikuwa mama wa Kimeru mwenye kibanda cha samaki mjini, mikono yake ikijua kazi, mdomo wake ukijua kulalamika. Alipowapasua samaki wale alikuta matumbo makavu, yenye vumbi na vipande vya boksi ambavyo bado vilisomeka maandishi. Vumbi lile lilimwongezea kazi ya kuosha. Na walipowekwa jikoni walikunywa maji yote ya sufuria, ukaongeza wakanywa tena, ndipo wakaanza kuiva.

"Hawa samaki walikuwa na kiu," Kananu alisema akipanga masanduku. "Mtu anakaaje kwa maji na kiu?"

"Hawajapewa," Bisharo alimjibu.

Kananu aliona ni jibu la kawaida, akaenda kuongea na dereva.

Siku hizo Bisharo hakuwa mpweke sana. Lokol alivua asubuhi na jioni, na jua likiwa kali alilala kivulini akikoroma. Bisharo alimfukizia kibuyu chake cha maji. Lakini kila alipotoka nje akaliona ziwa alisikia kiu isiyokuwa yake. Jioni moja alimwambia Lokol jambo ambalo alikuwa amelibeba tangu siku ya kwanza.

"Nataka uvunje ile kufuli."

Lokol aliuliza kama kuna mtaimbo. Ulikuwepo, wa Kotile wa kuchimbia mashimo ya boma. Asubuhi yake alizama nao mara kadhaa, akapiga, akapanda kuvuta pumzi, akazama tena. Mwishowe maji yalitibuka na Bisharo akasikia chuma kikilia chini. Alingoja. Lokol alitokeza kichwa.

"Geti iko wazi, mama. Wazi kabisa."

"Wanaingia?"

"Hapana. Yule mweusi wa mbele nimesukuma kidogo na mkono. Amekataa. Huyu wa kahawia nimebeba mpaka ndani kwa birika, nimeacha hapo. Amegeuka, ametoka, amerudi kwa laini yake."

"Hajaitwa," Bisharo alisema.

Alivaa viatu akaenda Kulamawe. Alimkuta Dullo amekaa mkekani nje ya nyumba yake mpya, akinywa chai ya maziwa. Walisalimiana salaam aleikum, wakaulizana amani ya nyumba, amani ya watoto, amani ya mvua. Ilikuwa amani kila mahali.

"Shemeji, nimekuja kwa neno moja," Bisharo alisema. "Njoo usimame juu ya jiwe, uite nyumba ya kaka yako. Sitaki ng'ombe, sitaki fidia. Uite tu. Wakisikia wataingia, watakunywa, watapumzika."

Dullo aliizungusha chai katika kikombe.

"Nikiita, watu watasema nini?"

"Watasema umeita."

"Watasema ilikuwa zamu yao."

"Ilikuwa zamu yao, Dullo."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Shemeji yake alitua kikombe chini. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa kijana yule aliyebeba mwisho wa machela ya Kotile akilia hadi makaburini, na Bisharo alidhani atasimama achukue fimbo yake. Badala yake alishika kifua mahali funguo zilipolala.

"Kesho, shemeji," alisema. "Mungu akipenda."

Bisharo alirudi siku iliyofuata, na nyingine. Ilikuwa kesho tena na tena. Mungu alisingiziwa mengi mwezi ule.

Jua lilishika kazi yake. Ziwa lilianza kurudi nyuma kutoka kwenye nyasi, kisha kutoka kwenye mwamba mweupe. Kichwa cha geti kilitokeza na ndege wakakalia. Samaki wa nyuma walikwisha kuuzwa, na wa nyumba ya Kotile walibaki peke yao, mstari mfupi ulionyooka. Kananu aliacha kuja. Lokol alifunga mishipi yake ndani ya mkebe lakini hakuondoka. Alijitolea kuwabeba kwa pipa hadi maji mengine, mto au popote.

"Watakufa njiani wakiangalia nyuma," Bisharo alimwambia.

Maji yalipofika kwenye goti, alifanya kitu ambacho mwanamke hafanyi. Alipanda juu ya jiwe la zamu lililokuwa limeshatokeza, lenye utelezi bado. Alikaza shungi kichwani na kuita kwa sauti yake yote.

"Wa nyumba ya Kotile! Ingieni!"

Samaki wote waligeuka kwa pamoja. Sauti ile waliijua. Ilikuwa sauti ya kukamuliwa, ya kufunguliwa ndama, ya kuambiwa tulia. Waliinua vichwa vyao nje ya maji wakamtazama, Gurale, Magale, Bora, Dima na wengine, kwa upendo wote walioweza kuonyesha kwa nyuso zile. Bisharo aliwaona wakimpenda. Kisha, kwa kuwa haikuwa sauti ya zamu, waligeuka tena mmoja baada ya mwingine wakatazama geti lililo wazi.

Bisharo alikaa juu ya jiwe akalia, wala hakujificha uso. Lokol alisimama majini mbali kidogo, akaangalia upande mwingine mpaka alipomaliza. Bisharo aliwalea vizuri mno. Hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia vinginevyo, na yeye ndiye aliyejua zaidi ya wote.

Matope yalikauka yakapasuka. Mbele ya geti ilionekana mifupa ya ng'ombe, mbavu kubwa, pembe na mafuvu, kwa mstari, vichwa vikielekea mabirika, pale pale ilipokuwa kabla ya mvua. Lokol alimuaga Bisharo, akamwachia namba ya simu na akapanda lori la kwenda mjini. Vumbi lake lilichelewa kutua. Bisharo alilitazama mpaka likatua.

Mkutano uliitishwa kisimani kabla jenereta halijawashwa. Dullo alisimama juu ya jiwe akawaonyesha watu kufuli lililovunjwa. Alizungumza kwa uchungu kuhusu watu wasioheshimu mali ya umma, na jinsi maji yasiyo na sheria yanavyomaliza watu.

"Nilimtuma mimi," Bisharo alisema kutoka nyuma, ambako wanawake walikaa.

Wazee walikohoa. Gababo alifungua mdomo, akaangalia funguo, akaufunga, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya hivyo. Ikaamuliwa kwamba si vizuri kumtoza faini mjane. Kila nyumba ingechanga sawa kununua kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nyumba ya Kotile ilichanga sawa na nyingine. Bisharo alilifungua pindo la nguo yake, akatoa mchango wake na kuuweka kwenye kofia iliyokuwa ikipitishwa.

Kufuli jipya likafungwa, funguo zikarudi shingoni. Watu walipanga madumu na mifugo waliyobakiwa nayo. Bisharo alikuwa na dumu moja la manjano. Lilikuwa la kwanza, kwa kuwa aliishi karibu na alifika kabla ya jua. Nyuma ya madumu palikuwa pamesimama lori, dereva wake akipiga honi.

Dullo aliliangalia lori. Halafu aliliangalia dumu.

"Shemeji," alisema kwa upole, "wewe kesho."

Bisharo hakubeba dumu lake. Aliliacha hapo hapo, nyuma ya mfupa wa mtamba wa Dima, akapanda kwenda nyumbani.

Ijumaa Sadiya alipiga simu. Aliuliza mama yake anakuja lini, na safari hii Bisharo alimpa jibu.

"Niko kwa foleni, mwanangu. Siwezi kutoka."

Sadiya akamwambia bei ya unga kabla hajaulizwa.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa mlima, simu ililia tena. Ilikuwa namba ya Lokol. Kwa nyuma zilisikika kelele za soko na mtu akinadi mbuzi.

"Habari, mama. Huko naona mvua iko karibu. Maji ikijaa nitakuja. Hao samaki watakuwa wapi mwaka huu? Nisizunguke siku mbili tena bure."

Bisharo alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa magotini, moshi ukikitoka mdomoni. Alitazama chini bondeni, kwenye geti, kwenye mifupa, kwenye dumu la manjano lililopanga mstari pamoja nayo.

"Usiwatafute," alisema. "Watakuwa pale pale tulipowaacha."

Alikipangusa kibuyu, akakifunika, na kukitundika.